Muulize Mzee wa Santuri: Jan & Dean na albamu iliyotoka 2010

SWALI: Shikamoo Mzee wa Santuri. Juzi nimekutana na albamu ya Jan & Dean inaitwa Carnival of Sound, imeandikwa imetoka 2010, sasa mimi hawa jamaa wawili wa Marekani nawajua kwa wimbo wao Surf City wa 1963 na Jan nasikia alifariki 2004, imekuwaje? Ni kampuni imeokoteza vipande ikaunga au? Halafu kuna mtu kaniambia Jan hata hakuimba humo. (Mpenda gita, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, ni albamu ya kweli kabisa, ilirekodiwa kati ya 1966 na 1968 ikafungiwa kabatini zaidi ya miaka 40, na kisa chote kinaanzia kwenye ajali.

Watu wanamwona Jan Berry kama kijana wa ufukweni tu anaimba habari za kuteleza kwa ubao kwenye mawimbi, kumbe mwamba ndiye alikuwa prodyuza, anapanga vyombo mwenyewe, hiyo Surf City alitunga na Brian Wilson wa Beach Boys ikashika namba 1 Marekani, na huku anasomea udaktari. Tarehe 12 Aprili 1966 gari lake aina ya Corvette likagonga lori lililopaki Beverly Hills, California, tena si mbali na ile kona waliyoiimba kwenye Dead Man's Curve, wimbo wa ajali ya gari wa 1964, yaani hata kuutaja nasisimka. Ubongo ukaumia vibaya, upande wa kulia ukapooza, na kuongea ikawa shida.

Sasa hapa wengi huchanganya, kwa sababu albamu ziko mbili. Jan akiwa bado mgonjwa, mwenzake Dean Torrence akarekodi peke yake Save for a Rainy Day, nyimbo zote za mvua mvua, kampuni ya rekodi ya Columbia wakaitaka lakini Jan akagoma, ikaishia kwenye nakala chache za lebo yao wenyewe mpaka lebo ya Sundazed walipoirudisha 1996. Ile siyo hii yako.

Carnival of Sound ni mradi wa Jan. Kampuni ya rekodi ya Warner Bros. waliwasaini, na Jan akarudi studio wakati bado anajifunza kuongea upya, hebu fikiria, mtu neno halimtoki vizuri lakini kichwani anajua anataka ngoma iingie wapi na sitari, lile gita la Kihindi, ikae wapi. Kwa hiyo huyo aliyekwambia Jan hakuimba ana ukweli kiasi, sauti nyingi humo ni za waimbaji wengine kwa sababu sauti ya Jan ilikuwa imeharibika, ila muziki ni wake. Warner wakatoa singo kadhaa, hazikwenda popote, wakaikaushia albamu nzima.

Kilichoiokoa ni kwamba Rhino, wale wanaotoa upya muziki wa zamani, wako chini ya Warner hao hao, kwa hiyo mikanda ilikuwa nyumbani. Wakaitoa kupitia lebo yao Rhino Handmade, miksi ya mono (sauti zote pamoja kwenye njia moja) na ya stirio (sauti zimegawanywa kushoto na kulia).

Je ni kali? Mimi siwezi kukudanganya, kila albamu ikipotea miaka mingi mashabiki wanaiita dhahabu, na hii siyo dhahabu yote. Kuna nyimbo za vichekesho kama Laurel and Hardy mimi naziruka. Tijuana utaijua tu, ni melodi ya The Little Old Lady from Pasadena, hiti yao ya 1964, imevalishwa maneno mapya ya bangi, inachekesha mara ya kwanza. Lakini Mulholland! Hapo unasikia kabisa zile sauti za California zikijaribu kuingia kwenye saikedeliki, ule muziki wa kindoto wa miaka ya 60, bila kuacha pwani, na Girl, You're Blowing My Mind nayo iko poa.

Anza na miksi ya mono, ndiyo naona ina nguvu, stirio sikiliza baadaye kwa hedifoni kama unapenda kuchambua vyombo.