Maswali yenu kuhusu Gwen Lister, mama wa gazeti la The Namibian

Safu iliyopita nligusia kwamba ile Mei 3, siku ya uhuru wa vyombo vya habari, ilianzia Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nikamtaja kidogo mama mmoja anaitwa Gwen Lister, mhariri na mwanzilishi wa The Namibian. Basi meseji zikamiminika. Nimechukua chache, zilizofanana nimeziunganisha.

Shikamoo. Huyo mama ni Mnamibia kweli au ni mzungu wa Sauzi tu aliyejipatia jina kule? (Morogoro)

Marahaba. Kuzaliwa kazaliwa East London, Afrika Kusini, mwaka 1953, akasoma Chuo Kikuu cha Cape Town, halafu 1975 akahamia Windhoek kuandika habari za siasa kwenye gazeti la Windhoek Advertiser. Toka hapo maisha yake ya kazi yote yako Namibia. Kumbuka enzi hizo nchi iko chini ya Makaburu, na magazeti ya wazungu yakiiandika SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, ni magaidi na wakomunisti basi, yani kama hawana sura wala majina. Yeye akaona hapana, hawa ni watu, wana hoja, wacha wasomaji wawasikie. Sasa mzungu kuandika hivyo Windhoek ya miaka ya 70 unageuka msaliti kwa majirani zako mwenyewe. Sisi huku SWAPO tulikuwa tunaijua kwa kuishi nayo, ofisi yao ilikuwa Dar toka mwanzoni mwa miaka ya 60 na wapiganaji wao walikuwa Kongwa, lakini mzungu wa kawaida wa Windhoek alikuwa hajui lolote zaidi ya alichoambiwa na redio ya serikali.

Kwanini asingebaki tu kwenye gazeti alilolikuta, mpaka aanzishe lake? (Eldoret)

Alijaribu kubaki, tena mara mbili. Pale Advertiser wenye hela walipoanza kuingilia habari, akaondoka na mhariri wake Hannes Smith, 1978 wakaanzisha Windhoek Observer, na yeye akiwa binti wa miaka ishirini na kitu ndo anashika dawati la siasa. Ikaenda vizuri mpaka 1984. Mwaka huo akasafiri Zambia kuripoti mazungumzo ya uhuru wa Namibia, serikali ikalifungia gazeti. Wakakata rufaa Pretoria, wakashinda, marufuku ikaondolewa. Ungetegemea wampongeze si ndio? Uongozi wa gazeti ukamshusha cheo, eti yeye ndo kasababisha lifungiwe! Akaacha kazi na wafanyakazi wenzake wakatoka nae. Mimi hiki kipande ndo huwa nakirudia kwa vijana wanaoingia kwenye hii kazi, serikali ilishashindwa kwa rufaa, waliommaliza ni ofisi yake mwenyewe.

Mwaka huo huo akiwa anajitegemea, anatuma habari BBC na redio moja ya Sauzi, akakuta hati ya siri inayoruhusu barua zake zifunguliwe na wakubwa. Mwingine angeichana akanyamaza. Yeye akaianika. Wakamkamata kwa sheria ya siri za serikali, akalala ndani wiki nzima.

Nimesikia ofisi yao ilichomwa moto, ni kweli au ni chumvi za waandishi? (Tanga)

Hamna chumvi hapo. Twende taratibu maana haikuwa moto tu.

The Namibian ilitoka mara ya kwanza Agosti 1985, ya wiki. Kabla hata haijatulia serikali ya mpito ikadai amana ya randi 20,000 ndo wasajiliwe, kwa madai kwamba huyo mama ni hatari kwa usalama, ikabidi waende mahakamani na mahakamani wakashinda. Halafu wakaanza kuandika kuhusu Koevoet, kile kikosi cha polisi kilichokuwa kinawinda wapiganaji huko kaskazini. Walichapa picha za maiti za wapiganaji zimefungwa kwenye magari ya deraya zinatembezwa. Fikiria gazeti hilo linafika mezani kwa mzungu wa Windhoek asubuhi anakunywa kahawa, ambae siku zote kaambiwa vijana wake wanalinda amani tu.

1988 ndo ulikuwa mwaka mbaya. Katikati ya mwaka akakamatwa kwa kuchapisha waraka wa siri kuhusu polisi kuongezewa madaraka, wakamweka siku kadhaa bila mashtaka, na alikuwa mjamzito wa miezi minne. Oktoba ofisi ikachomwa moto, kundi la Makaburu wenye siasa kali lililojiita White Wolves likahusishwa. Gazeti likaendelea kutoka, na Aprili 1989 likawa la kila siku kabisa. Septemba mwaka huo wakili Anton Lubowski, mzungu mwenzie aliyejiunga SWAPO, akapigwa risasi nje ya nyumba yake, na uchunguzi wa baadae ukaonesha kile kikosi cha siri cha mauaji cha Makaburu, CCB, kilikuwa na mpango wa kummaliza na Lister pia.

Kwahiyo uhuru ulivyokuja 1990 si akapewa uwaziri au ubalozi? Alikuwa mwenzao. (Bujumbura)

Ndugu yangu, hapa ndo patamu.

Hakupewa na hakutaka. Machi 1990 bendera ikapanda, na gazeti likaanza kuuliza maswali yale yale kwa wakubwa wapya. Kuhusu watu wa SWAPO wenyewe waliowekwa mahandakini kule Lubango, Angola, wakituhumiwa ni majasusi, wengine hawakurudi. Kuhusu ufisadi. Kuhusu matumizi. Agosti 1990, uhuru una miezi mitano tu, ofisi ikashambuliwa tena, wakasema ni mabaki ya wazungu wenye chuki, kwahiyo wapinzani wa zamani bado wanamtaka na marafiki wa zamani wameanza kununa.

Mwisho wa 2000 serikali ya Nujoma, rais wa kwanza wa nchi, ikaamua matangazo yote ya serikali yasiende The Namibian, kosa lao eti wanaikosoa mno serikali. Mwaka uliofata ikaongezwa, hata kununua nakala kwa hela ya serikali marufuku. Yani wizara haiwezi kuweka gazeti mezani kwa waziri! Marufuku hiyo ilikaa zaidi ya miaka kumi, Nujoma akamaliza muda wake, Pohamba akaingia, ikaja kuondolewa 2011. Sasa nyie mnaojua magazeti yetu huku yanavyoishi kwa zabuni na tangazo la wizara ukurasa mzima, piga hesabu mwenyewe gazeti lako lingedumu miezi mingapi. Na kumbuka huko nyuma miaka ya 80 wafanyabiashara wa kizungu nao walimnyima matangazo kwa sababu anaitetea SWAPO. Silaha ile ile, mikono tofauti. Mimi naona hii ilikuwa mbaya kuliko moto, maana ofisi ikiungua dunia nzima inakuja kukuonea huruma, ila ukinyimwa matangazo hakuna mtu anaeona.

Hela alitoa wapi basi? Ni tajiri? (msomaji wa Dubai)

Swali zuri, na jibu lake ndo linaeleza lile la juu. Mwanzoni walianza na ruzuku za wafadhili wa Ulaya, hilo halifichwi. Baada ya uhuru ruzuku zikaisha, wakasimama kwa mauzo na matangazo ya watu binafsi. Na gazeti sio lake, liko chini ya amana, yani trust kwa Kiingereza, sio la familia wala la mwanasiasa, kwahiyo hapakuwa na mtu wa kupigiwa simu usiku aambiwe mtulize huyo mama wako. Pia walikuwa na wasomaji wa kweli huko kaskazini, wana kurasa za Kioshiwambo, na baadae wakaweka ukurasa wa meseji za simu, mwananchi anatuma malalamiko yake mafupi tu, zahanati haina dawa, bosi halipi, na inachapwa. Watu wananunua gazeti kuangalia kama meseji yake imetoka.

Tuzo zake ni zipi? (Kigoma)

Nyingi, nataja kubwa. 1992 tuzo ya uhuru wa habari ya CPJ, ile kamati ya Marekani ya kulinda waandishi. 2000 IPI, taasisi ya kimataifa ya wanahabari, ikamweka kwenye orodha ya mashujaa 50 wa uhuru wa habari duniani. 2004 tuzo ya ujasiri ya IWMF, ile ya wanahabari wanawake. Katikati hapo alienda Harvard kwa ule mwaka wa masomo wa wanahabari, Nieman.

Na hiyo Mei 3 anahusikaje? (wengi)

1991 UNESCO na UN waliitisha semina ya waandishi wa Afrika pale Windhoek, Aprili 29 mpaka Mei 3, yeye akiwa mwenyekiti mwenza. Wakatoka na Azimio la Windhoek, linadai magazeti huru, yenye wamiliki wengi tofauti, yasiyoshikwa na serikali. 1993 Baraza Kuu la UN likaifanya Mei 3 siku ya dunia nzima. MISA, taasisi ya vyombo vya habari kusini mwa Afrika, nayo ikazaliwa kwenye vuguvugu hilo hilo, 1992, na alikuwa mmoja wa waanzilishi, kwahiyo MISA Tanzania mnayoisikia ina undugu na huyu mama. Ila kila mwaka tunavaa fulana, tunapiga picha ukumbini, sijawahi kusikia mtu anasoma Azimio lenyewe.

Sa hivi bado anahariri? (Nakuru)

Hapana, 2011 alimwachia kiti Tangeni Amupadhi, mwandishi aliyekulia kwenye kazi hiyo, yeye akabaki upande wa ile amana. Na 2019 ndo gazeti likashirikiana na Al Jazeera, WikiLeaks na waandishi wa Iceland kufichua Fishrot, skendo ya hongo za mgao wa samaki, mawaziri wawili, wa uvuvi na wa sheria, wakajiuzulu wakaishia mahabusu. Hiyo skendo nayo ina maswali yake, nimepokea matatu tayari, nitayajibu safu ijayo.