Kwa mnaoanza kulea vifaranga vya kambale huku kwenye baridi

Wadogo zangu, nimeitwa tena kutazama tangi ambalo vifaranga wote wamekufa. Nikamuuliza kijana mwenye tangi: maji ulibadilisha lini? Jana jioni. Yote? Yote. Ya wapi? Ya bomba. Hapa Uyole, mwezi wa Julai! Roho iliniuma, maana kijana alikuwa amehangaika kweli na mayai yake yalianguliwa vizuri.

1. Tuanze na hilo. Kambale ni samaki wa maji ya joto. Kwenye nyuzi 28 yai huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Kwenye nyuzi 20 linachukua kama mbili, na kifaranga anakua kwa kusuasua. Ukimmwagia maji ya bomba kwa mkupuo, anapigwa na baridi na klorini kwa pamoja. Mkubwa unaweza kumsafirisha toka Kyela kwenye ndoo yenye maji kidogo akafika hai, kwa sababu anavuta hewa ya juu. Kifaranga bado hana kiungo cha kuvutia hewa hiyo, anategemea matamvua tu. Ndiyo maana nasisitiza: maji yalale kwenye pipa ndani ya nyumba siku nzima, pampu ya hewa ikifanya kazi ili klorini itoke, na yapashwe hadi kipimajoto kisome sawa na kwenye tangi. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira, kisha rudisha kiasi ulichotoa. Robo inatosha! Pampu ya betri iwe karibu, umeme hauagi.

2. Mlo wa kwanza ni atemia hai, yaani vijidudu vidogo vya maji ya chumvi. Unga wa dagaa usubiri, kwani siku za mwanzo tumbo lao halijakomaa kuusaga, na mabaki yanaoza yakatoa amonia. Kiini cha yai la kuku nacho, ukiwalisha, kinachafua maji upesi. Kama huna subira ya kunyonya mabaki kila baada ya mlo, kiache.

3. Funikeni tangi. Wanapenda giza.

4. Wachambueni kwa ukubwa, maana wanalana. Yupo mama Tukuyu ambaye hangoji ratiba: akiona mmoja tu amewazidi wenzake, anatoa beseni na chujio, hata kama wageni wako sebuleni. Anasema ukishakuta mkia umening'inia mdomoni mwa mwenzake, umechelewa. Wateja wanamfuata toka Chunya, na wale wakubwa waliotengwa huwauza peke yao, kwa bei yao.