Maswali yenu: JavaScript kabla ya mtihani wa cheti

Mwalimu, naomba maswali yaliyovuja ya mtihani wa cheti cha JavaScript. Nimebakiza wiki mbili.

Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Ombi hili linanifikia kila mara, na linachosha. Watoaji wa vyeti hukataza jambo hilo katika masharti unayoyakubali kabla ya mtihani, na wanaweza kukunyang'anya cheti baadaye. Isitoshe, majibu mengi yanayouzwa yana makosa. Wiki mbili zinatosha kwa kazi ya maana: chukua muhtasari rasmi wa mtihani, tazama sehemu zenye uzito mkubwa, uanze na hizo.

Nilitegemea 0, 1, 2 kutoka kwenye lupu hii, nikapata 3, 3, 3. Kwa nini?

`for (var i = 0; i < 3; i++) setTimeout(() => console.log(i), 0);`

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tukae kidogo. Kigeu cha `var` hakifungwi ndani ya lupu, hivyo `i` ni moja tu kwa mizunguko yote. Nazo fanksheni ulizozikabidhi kwa `setTimeout`, yaani taimeri inayoahirisha kazi, hazipati zamu mpaka msimbo wa kawaida umalizike, hata ukiweka sifuri. Zikipata zamu, lupu imekwisha, `i` imeshafika 3, na zote zinaisoma `i` ileile. Weka `let` mahali pa `var`, kila mzunguko utapata `i` yake.

Wengi huishia hapo na kukariri kwamba `let` hutoa 0, 1, 2. Haya, tangaza `let i;` mstari wa juu, nje ya lupu, kisha anza na `for (i = 0;` na mengine yabaki vilevile. Kabla ya kuendesha, andika jibu lako kwenye karatasi. Ni 3, 3, 3 tena, maana `i` imerudi kuwa moja. Geuza kila mfano unaousoma namna hii, badili kitu kimoja na utabiri upya. Aliyekariri hana njia ya kujibu swali lililogeuzwa.

`typeof null` inatoa nini?

`"object"`. `typeof` hutaja aina ya thamani, na `null` si objekti. Ni kosa la enzi za mwanzo za lugha, na limeachwa kwa sababu kulirekebisha kungeharibu tovuti nyingi zinazolitegemea.

Kati ya promisi na `setTimeout` ya sifuri, ipi hutangulia?

Promisi (kitu kinachowakilisha matokeo yatakayokuja baadaye) iliyokwisha kutimia. Msimbo wa kawaida kwanza, kisha foleni ya promisi mpaka iishe yote, ndipo taimeri. Wanachosahau watu ni kwamba mistari ya fanksheni ya `async` iliyo kabla ya `await` (neno la kungojea promisi) ya kwanza hukimbia papo hapo. Inayongoja ni ile ya baada yake.

Natumia akili mnemba kunieleza kila ninapokwama. Kuna ubaya?

Inategemea umefikiri kiasi gani kabla ya kuuliza. Ukisoma maelezo mazuri kila kitu huonekana chepesi, lakini kwenye chumba cha mtihani utakuwa peke yako. Tabiri, endesha, ukikosea ndipo uulize. Na chochote itakachokuambia kijaribu mwenyewe kwenye konsoli, kwani hukosea pia, tena kwa sauti ya uhakika.

Nijifunze React kwanza?

Kama mtihani ni wa lugha yenyewe, si wa maktaba kama React, hapana.

`[10, 9, 1].sort()` imenipa 1, 10, 9. Ni hitilafu?

Si hitilafu. Usipoipa fanksheni ya kulinganisha, `sort` hupanga kama maandishi, na "10" hutangulia "9". Andika `sort((a, b) => a - b)`. Hukuuliza, lakini ujue pia kwamba `sort` huibadili safu yenyewe. Ukitaka ya awali isiguswe, tumia `toSorted`, iliyoingia katika kiwango cha lugha mwaka 2023. Swali likichapisha safu ya awali baada ya kupangwa, mtego uko hapo.