Ndoano ya tundu gani kwa chambo cha manyoya?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi kijana wa Igombe, nimeanza kufunga chambo cha manyoya mwenyewe, manyoya ya jogoo na uzi wa cherehani basi. Dukani kuna ndoano za tundu (pale unapofungia nailoni) lililonyooka, zingine limeinama chini, zingine limeinuka juu, muuzaji anasema zote sawa we chukua tu. Kweli? Natafuta sangara, na sato nikibahatika.

JIBU: Marahaba kijana. Sio sawa, ila muuzaji nae shida yake auze. We anza na fundo lako ndo uje kwenye tundu. Kama nailoni unaifunga kwenye tundu lenyewe, au unaacha kitanzi kimelegea ili chambo kichezecheze majini, chukua lililonyooka, na kwa sangara mi sibadilishi, maana huyo anakula dagaa na furu wenzake kwa hiyo unataka kitu kinachoogelea kama samaki. Yaliyopinda faida yake unaiona pale unapopitisha nailoni tunduni halafu unaizungushia kwenye shina la ndoano (ule mguu mrefu ulionyooka), kamba inatoka imenyooka na shina, lakini ukilifanya fundo hilohilo kwenye tundu lililonyooka kamba inatoka upandeupande.

Sato ni habari nyingine, mdomo wake mdogo na ndoano yake ndogo, sasa tundu likiinama chini linabana ile nafasi kati ya ncha na shina ambayo tayari ni finyu, afadhali lililoinuka au lililonyooka.

Halafu kuna zile za kichwa kilichokunjwa kabisa, ukizifunga na risasi au shanga nzito kichwani ncha inakaa juu, nazo huku kwetu Mwanza kwenye mawe kila kona zitakuokolea chambo vingi sana.

Ila kabla ya yote angalia tundu limefungika?? Ndoano za bei chee waya wa tundu haufiki mwisho, inabaki nafasi, nailoni nyembamba inapenya humo au inakatika kwenye ukingo, na hapo sangara kaondoka na manyoya yako. (Akiwa chini ya sentimita 50 mrudishe ziwani hata hivyo, sheria hiyo.) Ukiikuta nafasi na huna ndoano nyingine, zungushia uzi hapo upake gundi. Na usijaze uzi mpaka mlangoni mwa tundu, gundi ikiwa bado mbichi pitisha sindano, ikishakauka utaanza kuchokonoa gizani kwenye mtumbwi na kutukana.