Kabla Hujashika Bisibisi, Shika Kalamu

Vijana wanaoanza ufundi wa kompyuta huniuliza wanunue kifaa gani kwanza. Wengi hutegemea nitaje mita au mashine ya kuchomea risasi. Mimi huwaambia wanunue daftari, tena lenye jalada gumu, maana litakaa mezani miaka mingi.

Nafanya kazi hii Tanga. Hewa ya bahari hapa haina huruma na vyuma, na umeme ukirudi baada ya kukatika huja kwa kishindo. Mashine moja inaweza kurudi kwako mara nyingi, kila mara na malalamiko mapya, na usipoandika utaanza upya kila inaporudi.

Mteja akifika atakwambia, "Fundi, imekufa." Usiandike "imekufa". Muulize taratibu. Ukibonyeza kitufe, feni inazunguka? Taa inawaka? Kioo kinaonyesha chochote? Mashine isiyozungusha hata feni ni tatizo moja. Inayozungusha feni huku kioo kikibaki cheusi ni jingine, na inayofika Windows halafu ikajizima ni jingine kabisa. Ya kwanza inakupeleka kwenye pawa saplai (kifaa kinachoilisha mashine umeme), waya na kitufe. Ya pili mara nyingi kwenye ramu (kumbukumbu ya muda) au mazabodi (bodi kuu). Ya tatu unaanza kuwazia joto. Andika maneno ya mteja kama alivyoyasema, kisha uliza tatizo lilianza lini na nini kilibadilika kabla yake. Je, ilihamishwa? Kuna aliyeongeza ramu? Kuna fundi mwingine aliyeifungua? Swali hili la mwisho ulize kwa upole, maana watu huona haya kulijibu, na jibu lake mara nyingi ndilo lenye siri yote.

Ukishafungua, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Nalisisitiza hili kuliko yote. Chukua mashine yenye kioo cheusi. Fundi mwenye haraka atachomoa ramu zote, azisugue kwa kifutio, azihamishe nafasi, abadilishe na betri ya BIOS (programu ya kuanzishia mashine), kisha awashe. Inawaka, mteja analipa, kila mtu anafurahi. Lakini nini kilikuwa kibovu? Huenda ni kutu kwenye meno ya ramu, jambo la kawaida kabisa huku pwani. Huenda ni nafasi moja ya ramu kwenye mazabodi, na hiyo itamrudisha mteja wako akiwa na hasira. Weka ramu moja kwenye nafasi moja, washa, andika. Hamisha, washa, andika. Mashine ikipiga milio, andika idadi yake na ipi ni mirefu, ndipo utafute maana kwenye kitabu cha mazabodi hiyo, kwa sababu kila mtengenezaji ana milio yake.

Andika namba, usiandike "iko sawa". Pawa saplai ya kompyuta ya mezani hutoa volti 12, 5 na 3.3, na kila moja inaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 5. Kwa hiyo ile ya 12 inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6, na ile ya 5 kati ya 4.75 na 5.25. Pima mashine ikiwa kazini, kwa sababu pawa saplai iliyochoka inaweza kupima vizuri ikiwa haina mzigo. Na usiifungue pawa saplai yenyewe kama hujafundishwa. Kapasita zake, yaani vipande vinavyotunza umeme, hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Kwenye hadi diski ndipo daftari linapolipa zaidi. Nakili mafaili ya mteja kwanza, kabla ya jaribio lolote. Kisha soma taarifa za SMART, yaani hesabu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe, kwa programu kama CrystalDiskInfo. Namba 05 inahesabu sehemu za diski zilizokwisha kuharibika na kuhamishwa; C5 ni zile zinazosubiri hukumu. Hesabu ya leo peke yake haisemi mengi. Ukiilinganisha na ya mwezi uliopita ukakuta imepanda, mwambie mteja anunue diski mpya. C7 ni tofauti: ikipanda, shuku waya wa data kabla ya diski. Na hesabu hii hairudi sifuri hata ukibadilisha waya, kwa hiyo bila namba ya zamani hutajua kama tatizo limekwisha au linaendelea.

Kuna shule moja ambayo kompyuta zake zilikuwa zinajizima ovyo. Kumbukumbu za Windows zilijaa Kernel-Power 41, ambayo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Haikuambii kwa nini. Walikuwa wamekwisha kununua pawa saplai mpya. Nikamwomba mwalimu aandike kila tukio: saa, namba ya mashine, na meza iliyokaa. Kurasa zilipojaa, namba za mashine zilibadilikabadilika lakini meza zilikuwa zilezile, za ukuta wa dirishani. Mashine iliyohamishwa kutoka pale ilipona, na iliyochukua nafasi yake ikaugua. Mita ikaonyesha umeme wa soketi zile unayumba mno mashine zote zikiwashwa, na fundi umeme akakuta waya uliolegea ndani ya ukuta. Kompyuta zote zilikuwa nzima.

Mfano ninaoupenda wa kumbukumbu ya hitilafu uliandikwa tarehe 9 Septemba 1947, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mafundi wa kompyuta ya Mark II walimkuta nondo ndani ya mashine. Wakaandika saa, 15:45, wakaandika paneli F, rilei (swichi ya umeme) namba 70, na nondo mwenyewe wakambandika ukurasani kwa utepe. Ukurasa ule umehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian. Muda, mahali na ushahidi, vyote kwenye mistari michache. Wewe una simu yenye kamera: piga picha ya kapasita iliyovimba, ya meno yenye kutu, ya mpangilio wa waya kabla hujachomoa hata mmoja.

Na usipopata chanzo, andika hivyo: "Sababu haijajulikana." Chini yake andika ulichojaribu na kilichotokea, ili fundi atakayeifungua baadaye, hata kama si wewe, aanzie hapo.