Usaili wa kazi ya programu: kwa nini jibu sahihi halikutosha?

SWALI: Shikamoo Mwandishi. Ninaishi Mikindani, Mtwara, na nina stashahada ya teknolojia ya habari. Niliomba kazi ya kuandika programu katika kampuni changa ya Dar es Salaam inayotengeneza mifumo ya maghala ya mazao. Walinipa kazi ya kufanyia nyumbani, mfumo mdogo wa kusajili stakabadhi za korosho, wakausifu. Kisha, katika usaili kwa njia ya video, waliniomba niandike programu ya kutafuta stakabadhi moja katika orodha ndefu iliyopangwa kwa namba, huku wakinitazama. Nilifikiri kimya kimya, nikaandika programu inayopitia orodha nzima, nayo ikafanya kazi. Hawakuuliza zaidi, na hadi leo hawajanijibu. Sasa kampuni nyingine inataka nitengeneze programu nzima ya simu kama jaribio, bila malipo. Jibu langu lilikuwa na kasoro gani, na je, niikubali kazi hii ya pili?
Binti wa Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Programu yako ilitoa jibu sahihi, lakini neno “iliyopangwa” ndilo lililobeba swali zima. Orodha ikiwa imepangwa kwa namba, unaanza katikati, unalinganisha, unaitupa nusu isiyohusika, kisha unarudia katika nusu iliyobaki. Kwa njia hiyo stakabadhi 1,000,000 huhitaji ulinganisho usiozidi 20 hivi, wakati kupitia moja baada ya nyingine kunaweza kufika mara 1,000,000 ikiwa unayoitafuta iko mwisho. Huenda ulilijua hilo. Wasaili hawakuwa na namna ya kufahamu, kwa kuwa hukusema.

Katika usaili wa aina hii, anayekutazama hupima jinsi unavyofikiri, kwa sababu kesho mtakaa pamoja mbele ya hitilafu ambayo hakuna kati yenu anayeijua. Ungeweza kuanza na njia ile ile ndefu, mradi useme: “Nitapitia orodha nzima kwanza ili nipate jibu sahihi, kisha nitatumia mpangilio wa namba kupunguza kazi.” Ungeweza pia kuuliza kama orodha hubaki imepangwa kila stakabadhi mpya inapoingia. Najua tumelelewa kumsikiliza mkubwa bila kumkatiza, na ni malezi mema, lakini kumwuliza msaili swali kwa heshima si utovu wa adabu. Jizoeze kwa sauti, mbele ya mwenzako, hata kama mwenzako huyo hajui programu.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, kwa sababu ulikuwa na utajiri ambao wasailiwa wengi wa mjini hawana. Wewe unaishi kwenye korosho. Chukulia karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima anayetuma taarifa za mzigo kutoka kijijini msimu wa minada umepamba moto: mtandao unakatika, haoni uthibitisho, anabonyeza “Tuma” tena. Mfumo usiotambua kwamba ombi la pili ni lile lile la kwanza utaandika kilo zile zile mara mbili, na mkulima ataonekana kuwa na mzigo asiokuwa nao ghalani. Dawa yake ni kila stakabadhi kuwa na namba ya pekee, na kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, kukataa kuipokea namba hiyo kwa mara ya pili. Ungelieleza hilo ulipokuwa ukiionyesha kazi yako ya nyumbani, wangeona mtu anayeifahamu shida yenyewe. Katika kampuni yenye watu wachache, ambapo mwandishi wa programu mara nyingi huzungumza na mteja ana kwa ana, ufahamu huo una thamani kubwa.

Kuhusu kimya chao, waandikie barua pepe fupi ya kuuliza matokeo na kuomba maoni. Usiporudishiwa jibu, songa mbele.

Sasa hiyo kampuni ya pili. Usiikubali kazi hiyo kama ilivyo. Seremala anayejaribiwa huunganisha kiungo kimoja cha mbao. Haombwi kabati zima la kuachwa dukani. Jaribio la saa chache ni la haki, lakini programu nzima ni kazi, na kazi hulipwa. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa hiyo swali la nani atakuwa mmiliki wa ulichoandika ni halali kabisa, nalo liulizwe kwa maandishi kabla hujaanza.

Uliza pia mshahara unatoka wapi. Kampuni changa nyingi huendeshwa kwa fedha za wawekezaji kabla biashara haijaanza kujilipa, hivyo ni busara kujua fedha zilizopo zitatosha miezi mingapi. Wakikuahidi hisa badala ya sehemu ya mshahara, ahadi hiyo iwe ndani ya mkataba.

Waandikie hivi: “Nitafurahi kutengeneza sehemu moja ya programu, kwa mfano usajili wa watumiaji, kwa muda wa saa tatu, kisha niwaeleze maamuzi yangu ana kwa ana. Mkihitaji programu nzima, naomba tukubaliane malipo na umiliki kwanza.” Wakikasirishwa na maneno hayo, waache, uendelee kutuma maombi kwingine.