Siku ya Kupima Watoro, Watoro Hawapo

Msomaji mmoja wa Likoni ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu, naomba unitumie hojaji ya utoro. Msimamizi amenirudishia pendekezo la utafiti mara ya tatu sasa." Mada yake ni "Athari za Utoro kwa Matokeo ya Wanafunzi katika Kaunti ya Mombasa", shule 8, wanafunzi 320. Hojaji sikutumii, mwanangu. Siku hizi hojaji zinaazimwa kama kanga za harusini, kisha watu wanashangaa zikiwapwaya. Na kasoro yako haiko huko.

Anza na kichwa. Ukiandika "athari" umeahidi kuonyesha kwamba utoro ndio ulioshusha alama. Mtoto anayekosa shule ili amsaidie mamake kuuza mahamri huenda pia hana kitabu nyumbani, na hana pa kukaa akadurusu. Utajuaje kilichomwangusha ni utoro na si ufukara? Kwa data ya kukusanya mara moja, hutajua. Andika "uhusiano". Halafu huo utoro wenyewe: rejista inamtia alama ileile aliyejificha ufuoni, aliyelala na malaria na aliyerudishwa nyumbani kutafuta pesa. Ni wepi kati yao unaowataka? Swali linalojibika lina sura kama hii: je, wanafunzi wa Gredi ya 6 waliokosa siku 10 au zaidi muhula wa kwanza bila ugonjwa wana alama tofauti za ufahamu na waliokosa chini ya siku 5? Hapo kila neno linaweza kuhesabiwa.

Sasa hao 320. Wanaonekana wengi, lakini watoto wa darasa moja hufanana: mwalimu mmoja, vitabu vilevile, mtaa mmoja. Kufanana huko hupimwa kwa namba, na tuseme kwako ni 0.2. Chukua idadi ya watoto wa kila shule, toa 1, zidisha kwa 0.2, kisha ongeza 1. Kwa watoto 40 unapata 8.8. Gawanya 320 kwa 8.8: umebaki na 36. Karatasi 320 zote zina uzito wa watoto 36 waliochaguliwa mmoja mmoja kutoka kaunti nzima! Lakini shule 20 zenye watoto 16 kila moja, ambao ni 320 walewale, zinakupa 80. Nauli itaongezeka, ndiyo, na kivuko utakipanda sana. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 la kupata ukubwa wa sampuli, lile linalonakiliwa vyuoni kama dua, linachukulia kwamba kila mtu amechaguliwa peke yake. Habari za madarasa halina.

Watoto 16 wasichaguliwe na mwalimu. Atakuletea wenye sare safi na ulimi mwepesi. Chukua rejista, ikiwa na majina 48, gawanya kwa 16 upate 3, piga kura kati ya 1, 2 na 3 upate pa kuanzia, kisha chukua kila jina la tatu. Na hapa ndipo tafiti nyingi za utoro hufa bila mwenyewe kujua: jina la 14 hayupo leo, ukamchukua wa 15. Umekwisha. Uliyemtoa ndiye uliyemjia. Rudi siku nyingine, rudi tena, na ukimkosa kabisa mwandike aliyekosekana pamoja na siku zake kutoka kwenye rejista. Hakuna kubadilisha jina.

Kisha maneno. "Unasoma mara ngapi nyumbani?" Kwa Kiswahili chetu kusoma ni kutamka maandishi, ni kudurusu, ni kuhudhuria shule ("unasoma wapi?"), na ni kusoma Kurani. Mtoto wa Kisauni anayetoka shule akaenda chuoni, na chuo kwa wenyeji wa Mombasa ni madrasa, atakujibu "kila siku", na amesema kweli. Uliza hivi: "Jana baada ya kutoka shule, ulisoma kitabu cha hadithi? Kilihusu nini?" Swali la pili ndilo linalomfichua anayetaka kukufurahisha tu.

Kabla ya kuchapisha hojaji, kaa na watoto watano wa shule isiyo kwenye sampuli, kila mmoja akueleze swali kwa maneno yake. Msinitajie kipimo kile cha alfa ya Cronbach kuwa kimefika 0.7. Alfa inasema majibu yanaendana, haisemi umeeleweka. Watoto wote wakikosea kwa namna moja, itapanda vizuri tu.

Vibali havina mjadala: kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa inayoidhinisha tafiti), ofisi ya Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, ya Kamishna wa Kaunti, ridhaa ya mzazi kwa Kiswahili isiyozidi ukurasa mmoja, na mtoto mwenyewe aulizwe. Ramadhani usiwape watoto jaribio la ufahamu saa nane mchana.

Kuripoti ndiko kunakodharauliwa zaidi, na linaniudhi. Mtu anaingia chumba cha walimu na slaidi 40 za "p ndogo kuliko 0.05", chai inapoa, hakuna aliyeambulia kitu. Omba dakika 15. Leta karatasi moja ya manila yenye pau mbili, na useme kwa watoto, si kwa asilimia: "katika kila watoto 10 waliokosa sana, sita hawakumaliza kifungu, katika waliohudhuria, watatu" (hizi ni namba za mfano, weka zako). Usitaje shule iliyokuwa ya mwisho, maana habari itafika Kongowea kabla hujapata tuktuk. Matokeo ya kila shule yatie kwenye bahasha yake, umkabidhi mwalimu mkuu mkononi.